Mrejesho, Maoni na Tathmini: Uhakiki wa Lugha ya Fomu za Mafunzo ya Kompyuta

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa kwetu ili Kiswahili chake kisahihishwe, yamo ambayo hayana kosa la sarufi hata moja, na hayo ndiyo hutupa taabu kuliko yote. Sentensi zake zimekamilika, viambishi vyake vinapatana, na kila istilahi iliyotumika imo katika kamusi au katika orodha fulani. Hata hivyo msomaji akifika mwisho hajui ameulizwa nini, na mwandishi akipokea majibu hajui amejibiwa nini. Andishi la namna hiyo ndilo tunalokusudia kulihakiki hapa: fomu ya kurasa mbili waliyopewa washiriki wa mafunzo ya siku tatu ya uandishi wa programu za kompyuta, yaliyofanyika Mombo. Hatuwataji waandaaji, wala hakuna haja ya kuwataja, kwa kuwa fomu yao inafanana mno na nyingine nyingi zinazopita mezani petu. Ukifuta jina la mafunzo na kuandika "ufugaji wa nyuki" au "utunzaji wa kumbukumbu za ofisi", hutalazimika kubadili swali hata moja. Jambo hilo peke yake lilitosha kututia shaka.

Fomu tuliletewa na mmoja wa wakufunzi. Alileta ile tupu, akaleta na zilizojazwa, zikiwa hazina majina, akatuomba tuyanyoshe maswali kwa kuwa majibu aliyoyapata hayakumfaa kitu. Pamoja nazo alileta bahasha ya vikaratasi vidogo vya kunata, vya rangi mbili, ambavyo washiriki wale wale walikuwa wameviandika siku zile zile. Vikaratasi hivyo alivileta kama nyongeza tu. Tumevisoma vyote, na ndivyo vilivyotufanya tuandike makala haya badala ya kurekebisha koma na nukta.

Kichwa cha fomu chasema: "Fomu ya Mrejesho wa Washiriki wa Warsha ya Wasanidi Programu". Katika mstari huo mmoja mna istilahi tatu zenye mgogoro.

Tuanze na warsha. Kiingereza kina neno moja, workshop, kwa mahali seremala anaporandia mbao na kwa mkutano ambamo watu hujadili mada kwa siku mbili au tatu. Kiswahili kina bahati ya kuwa na mawili. Karakana, lililotoka Kiajemi likiwa na maana ya nyumba ya kazi, tumewaachia mafundi. Warsha, lililotoka Kiarabu, tumewapa watu wa mikutano. Ajabu ni kwamba katika Kiarabu chenyewe warsha ni mahali pa fundi hasa, penye nyundo na mafuta ya mashine. Ni sisi tuliolinawisha mikono neno hilo na kuliketisha mezani. Hatulalamiki, maana neno likishahama huwa mwenyeji wa lugha iliyolipokea. Lakini mazoea yamekwisha kuliwekea picha yake: makabrasha, chupa za maji, mada inayowasilishwa, maazimio mwishoni. Mtu aliyealikwa kwenye warsha huja na kalamu.

Mafunzo ya Mombo hayakuwa hivyo. Kila mshiriki alikuwa na kompyuta mpakato mbele yake. Aliandika amri kwa vidole vyake mwenyewe, ikakataa, akairudia, ikakubali au ikakataa tena. Hiyo ni karakana. Tofauti hii si ya kupambia maneno, kwa sababu fomu iliyoandikwa kwa ajili ya warsha huuliza mambo ya warsha: je, ukumbi ulifaa, je, mada ziliwasilishwa kwa ufasaha, je, ratiba ilizingatiwa. Fomu ya Mombo ina maswali kumi na manne, na ni moja tu linalogusa kompyuta. Swali hilo, kama tutakavyoona, lingekuwa afadhali lisingeandikwa.

Wapo watakaosema kwamba mafunzo ya namna hii yana jina tayari, yaani "mafunzo kwa vitendo". Ni jina zuri, lakini limekwisha kushikwa. Vyuoni mwetu mafunzo kwa vitendo ni yale majuma ambayo mwanachuo hupelekwa kiwandani, shuleni au ofisini ili azoee kazi. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe yuko mafunzo kwa vitendo, huelewa kwamba yuko nje ya chuo. Kwa hiyo sisi twapendelea karakana ya programu, tukijua fika kwamba wengine wataliona jina hilo lina grisi mikononi.

Istilahi ya pili ni msanidi programu. Jina hili limeenea, na waandishi wengi wa programu wenyewe wamelikubali. Taabu yake haipo katika jina bali katika kitenzi. Sanidi limebebeshwa kazi mbili. Katika jina msanidi lina maana ya kubuni na kuandika programu. Katika baadhi ya skrini za simu na kompyuta zilizotafsiriwa, sanidi ni agizo kwa mtumiaji kwamba akiandae kifaa au aiweke programu tayari kwa kazi. Kazi ya kwanza ni ya mtunzi, ya pili ni ya mnunuzi. Sasa tazama swali la tisa la fomu, ambalo ndilo pekee linalogusa kompyuta: "Je, uliweza kusanidi programu?" Karibu wote wamejibu ndiyo. Wameweza nini? Aliyeweka tu programu ya Python katika kompyuta yake asubuhi ya siku ya kwanza amejibu kweli akisema ndiyo. Aliyeandika programu yake mwenyewe ikafanya kazi jioni ya siku ya tatu naye amejibu kweli. Mkufunzi aliyekusanya majibu hayo ameandika katika taarifa yake kwamba lengo la mafunzo limefikiwa, na hakuna awezaye kumkosoa kwa ushahidi wa fomu. Hapa mtafsiri au mwandishi wa fomu hana budi kuchagua: ama aulize "uliweza kuweka Python katika kompyuta yako?", ama aulize "uliweza kuandika programu ikafanya kazi bila kusaidiwa?" Maneno hayo ni marefu kuliko sanidi, lakini jibu lake linajulikana maana.

Sasa tuje kwenye mrejesho, ambalo ndilo kiini cha makala haya.

Umbo la neno halina lawama. Kutoka kitenzi rejesha, kwa kiambishi m- na kiishio -o, tumepata mrejesho, kama tulivyopata mchango kutoka changa na mtazamo kutoka tazama. Taabu iko katika maana, kwani mtaani na vikaoni maneno ya ukoo huu yana kazi zake tayari. Sokoni Mombo, kama katika masoko mengine yenye vikundi vya kukopeshana, marejesho ni fedha anayolipa mkopaji kila juma au kila mwezi, na anayetajiwa siku ya marejesho huwaza daftari la kikundi. Vikaoni nako, kutoa mrejesho ni wajibu wa mjumbe: ametumwa na wenzake mkutanoni, na akirudi anawapasha yaliyosemwa. Habari humtoka aliyekwenda ikawafikia waliobaki. Katika fomu neno limegeuzwa uso, kwa kuwa sasa mshiriki ndiye anayempa mwandaaji, na wala hajarudi popote. Mshiriki mmoja, ambaye kwa majibu yake mengine ni dhahiri kwamba ni mwalimu aliyetumwa na shule yake, aliandika chini ya maneno "Mrejesho wako kwa ujumla" sentensi hii fupi: "Nitautoa shuleni Jumatatu." Mkufunzi alidhani ni mzaha. Sisi twaona kwamba huyo ni mmoja wa wachache waliolisoma neno hilo kwa Kiswahili.

Ili tujue tunalotaka kulitafsiri, yafaa tukumbuke neno la Kiingereza feedback lilikotoka. Halikuanza mikutanoni. Lilianza kwa mafundi wa redio na simu, ambao waliona kwamba sehemu ya nguvu inayotoka katika mtambo ikirudishwa mwanzoni mwake hubadili mwenendo wa mtambo wote. Mwaka 1927 Harold Black, mhandisi wa Marekani, alibuni kikuza sauti kilichotumia urudishaji huo kupunguza upotofu wa sauti katika simu za masafa marefu. Mwaka 1948 mwanahisabati Norbert Wiener alichapisha kitabu chake Cybernetics, na baada ya hapo neno likaenea katika elimu ya viumbe, siasa, ualimu na uongozi wa ofisi. Lakini dhana yenyewe msomaji anaijua hata kama hajawahi kufungua redio. Katika tangi la maji mna boya. Maji yakipanda, boya linapanda nayo, na likifika juu linafunga mlango wa maji. Maji yenyewe ndiyo yanayoliambia bomba kwamba yametosha, na yanaliambia wakati bomba lingali likimimina. Habari inayofika baada ya tangi kufurika haifungi kitu.

Kwa kipimo hicho, fomu inayogawiwa saa ya mwisho ya siku ya mwisho haistahili kuitwa mrejesho. Haiwezi kubadili chochote katika mafunzo yaliyokwisha. Na mazingira ya Mombo yalizidisha jambo hili. Mji huo uko njia panda, pale barabara ya Soni na Lushoto inapoiacha barabara kuu iendayo Moshi na kuanza kupanda milima. Washiriki wengi walikuwa wa huko juu, na kila mmoja alitaka apate gari kabla giza halijazikuta kona zile. Fomu ziligawiwa watu wakiwa na mifuko begani. Ukizitazama utaona alama za vema zimeshuka kutoka swali la kwanza hadi la mwisho katika safu moja, wima kama uzi wa mwashi. Hakuna binadamu mwenye maoni yaliyonyooka namna hiyo juu ya ukumbi, chakula, mada na mkufunzi kwa pamoja.

Safu zenyewe zina historia yake. Mizani ya kukubali na kutokubali ilianzishwa na Rensis Likert, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1932, nayo imetumika duniani kote kwa manufaa. Hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni juu ya sentensi zinazowekwa mbele yake. "Mwezeshaji alikuwa na umahiri wa kutosha katika mada husika." (Neno husika siku hizi hunyunyizwa kama chumvi, liondoe hapa, na sentensi haipungukiwi.) Mshiriki anatakiwa achague kati ya "nakubali kabisa" na "sikubali kabisa". Lakini mtu huyo huyo asubuhi alimwamkia mkufunzi kwa shikamoo, na mchana alikula naye meza moja. Kumtaka jioni aweke alama kwamba mwalimu wake hana umahiri ni kumtaka avunje adabu kwa maandishi, tena katika karatasi atakayoikabidhi mkononi mwa mwalimu yule yule. Atakubali kabisa. Kukubali kwake hakuna uongo ndani yake. Amejibu swali la heshima kwa jibu la heshima.

Kwani jina lenyewe mwezeshaji linatuonyesha swali lililostahili. Mwezeshaji ni mtu anayemfanya mwingine aweze. Basi asiulizwe habari za umahiri wake, aulizwe habari za aliyewezeshwa: jana hukuweza nini ambacho leo waweza? Swali hilo halimgusi mwalimu, halivunji adabu ya mtu, na jibu lake lina kazi mikononi mwa mkufunzi. Donald Kirkpatrick, ambaye makala zake za kuanzia mwaka 1959 ndizo zilizowafundisha wengi kupima mafunzo, aliweka ngazi nne: jinsi washiriki walivyoyapokea mafunzo, walichojifunza, walivyobadilika kazini, na matokeo yaliyopatikana. Fomu zetu nyingi husimama ngazi ya kwanza, na kisha taarifa huandikwa kana kwamba zimepanda zote nne.

Baada ya safu za alama huja nafasi za kuandika, na hapo ndipo hutokea neno changamoto. "Taja changamoto ulizokutana nazo." Tungependa kulisema jambo hili bila kumfokea mtu. Changamoto ni neno halali, la ukoo mmoja na changamka na changamsha. Lilifaa sana kwa jambo gumu linalomwamsha mtu na kumtia ari. Lakini katika maandishi ya ofisi limekwisha kumeza tatizo, kasoro, kikwazo, upungufu, hitilafu, uhaba, na hata kosa. Barabara ikikatika ni changamoto, dawa zikikosekana ni changamoto, mhasibu akiiba ni changamoto. Neno lililomeza yote halitaji lolote. Washiriki wa Mombo, wakiulizwa changamoto, wameandika: changamoto ya umeme, changamoto ya mtandao, changamoto ya muda. Katika fomu zote hakuna aliyeandika "sikuelewa".

Kisha yanakuja mapendekezo, na hapa msomaji aliyewahi kuhudhuria semina yoyote nchini atayatambua: muda uongezwe, posho iangaliwe, vifaa viboreshwe, mafunzo yawe ya mara kwa mara. Twaomba walimu wa lugha watazame sarufi ya sentensi hizi. Karibu zote ziko katika hali ya kutendwa na ya kutaka, wala hazina mtenda. Nani auongeze muda? Viboreshwe na nani, na vina kasoro gani? Na "muda uongezwe" ndilo pendekezo lililorudiwa kuliko yote. Mkufunzi alilielewa kuwa ni sifa, kwamba watu walipenda mafunzo na wangetaka yaendelee. Baada ya kusoma vikaratasi, sisi twaona kwamba kwa wengi lilikuwa na maana nyingine, yaani kwamba walikuwa wameachwa nyuma tangu siku ya kwanza.

Sasa basi, vikaratasi. Njia hii mkufunzi aliipata kutoka kwa jumuiya ya kimataifa iitwayo The Carpentries. Shina lake ni Software Carpentry, iliyoanzishwa mwaka 1998 huko Marekani na Greg Wilson na Brent Gorda ili kuwafundisha wanasayansi uandishi wa programu. Mwaka 2018 iliungana na Data Carpentry zikawa jumuiya moja. Kwa Kiswahili jina la kwanza ni useremala wa programu, jambo ambalo lilitupa moyo katika hoja yetu ya karakana. Utaratibu wao ni huu. Kila mshiriki hupewa vikaratasi viwili vya kunata vya rangi mbili. Wakati wa kazi hubandika kimoja juu ya kompyuta yake: rangi hii ina maana kwamba nimemaliza, ile ina maana kwamba nimekwama, naomba msaada. Mkufunzi akiinua macho huona chumba kizima kwa mara moja, bila mtu kunyosha mkono na kuonekana mjinga mbele ya wenzake. Kabla ya mapumziko huandika katika kikaratasi kimoja jambo alilojifunza au alilolipenda, na katika cha pili jambo lililomtatiza. Wakufunzi huvisoma watu wakinywa chai, na kipindi kinachofuata hurekebishwa.

Hilo ndilo boya la tangi. Hilo ndilo linalostahili jina mrejesho.

Na tazama Kiswahili chake. Washiriki wale wale walioandika "changamoto ya muda" waliandika katika vikaratasi: "Imegoma mstari wa nne, sijui kwa nini." "Nimeachwa kwenye zile nafasi za mwanzo wa mstari." "Kompyuta yangu haisomi faili, inasema haipo na mimi naiona." "Mwalimu anaenda mbio." Imegoma, imekwama, haisomi, nimeachwa: haya ni maneno ya karakana, yana mtenda, yana mahali, na fundi akiyasikia anajua aanzie wapi. Wanaoijua Python wanafahamu kwamba nafasi za mwanzo wa mstari ni sehemu ya lugha yenyewe, na kwamba nafasi moja ikizidi au ikipungua programu hukataa kwenda. Pale ndipo darasa lilipokatika vipande viwili. Mkufunzi alisema kwamba siku ya pili, baada ya kuvisoma, alirudia sehemu hiyo kwa nusu saa kabla ya kuendelea. Fomu isingalimwambia kamwe.

Kikaratasi kimoja kilituhusu sisi zaidi kuliko yeye. Katika lugha za kompyuta, amri huweza kupewa thamani ya kufanyia kazi, na Kiingereza huiita thamani hiyo argument. Mkufunzi, kwa nia njema ya kufundisha kwa Kiswahili, alikuwa ameifasiri kwa neno hoja, kama lilivyo katika orodha aliyoitegemea. Mshiriki akaandika: "Hoja ni nini hapa? Tunabishana na nani?" Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Hoja kwa Kiswahili ni jambo linalotolewa ili kuthibitisha au kupinga, na hakuna mtu aliyelelewa katika lugha hii atakayeona uhusiano wake na tarakimu iliyowekwa ndani ya mabano. Mtafsiri alitazama neno la Kiingereza, akatazama kamusi, akachukua maana ya kwanza. Hakutazama kitu chenyewe. Mpaka istilahi bora ipatikane, afadhali mwalimu aseme "thamani unayoipa amri", maneno matatu yanayoeleweka, kuliko neno moja linalopotosha.

Msomaji atambue uzito wa jambo hili. Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi za istilahi zilikuwa miongoni mwa majukumu yake, na tangu hapo orodha nyingi zimetolewa, za Baraza na za wengine. Katika kompyuta peke yake, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na makampuni makubwa ya programu yakafuata kwa tafsiri zao. Maneno yamekwenda nje kwa wingi. Yanayorudi ni machache. Neno hupimwa pale mtu anapolitumia huku mikono yake ikiwa kazini, na tumeliona hilo kwa uzuri wake katika Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022. Makarani wa sensa walifundishwa neno kishikwambi wakiwa na kifaa chenyewe mkononi, na kwa muda mfupi neno hilo likazagaa nchi nzima, hata likafika kwa watu ambao hawajawahi kukishika. Neno lililofundishwa pamoja na kitu halihitaji kutetewa. Lakini kwa kila neno la namna hiyo yapo mengine kama hoja, ambayo hukwama katika chumba fulani huko Mombo, mshiriki akaaibika kuuliza, na fomu ikarudi imejaa vema.

Kutokana na hayo, twapendekeza mgawanyo huu wa maana. Mrejesho ubaki kwa habari inayorudi wakati kazi ingali ikiendelea na yenye uwezo wa kuibadili, iwe katika mtambo, katika programu au darasani. Anachokiona mshiriki juu ya mafunzo, kizuri au kibaya, ni maoni, neno ambalo kila mtu analijua na ambalo hatuoni sababu ya kulistaafisha. Hukumu inayotolewa mwishoni kwa kulinganisha lengo na lililopatikana ni tathmini. Mjumbe aliyerudi kwa waliomtuma atoe taarifa. Akipenda kuiita mrejesho hatutamzuia, maana mazoea ya vikao yana nguvu kuliko makala ya robo mwaka.

Fomu yenyewe tumeirudisha kwa mkufunzi ikiwa ya ukurasa mmoja na yenye maswali manne. Ni nini ambacho hukuweza kufanya kabla ya mafunzo na sasa waweza bila kusaidiwa? Ulikwama wapi, na ulikwamukaje? Ni sehemu gani ungependa ifundishwe polepole zaidi? Ni neno gani lililotumika ambalo hukulielewa, au ulilielewa visivyo? Tumeshauri pia igawiwe baada ya chakula cha mchana cha siku ya mwisho, kabla watu hawajaanza kuwaza magari, na isikabidhiwe mkononi mwa mkufunzi.

Mwenzetu mmoja ofisini amepinga swali la pili. Asema kwamba "ulikwama wapi?" linachukulia kuwa kila mtu alikwama, na kwamba mshiriki hodari atadharauliwa nalo. Tumelifikiria pingamizi lake, lakini hatukulikubali. Katika uandishi wa programu kila mtu hukwama. Kompyuta yenyewe humwambia hivyo mara kadhaa kwa saa moja, kwa kutaja mstari na kosa, wala hapaoni aibu. Seremala hujifunza randa kwa kuona mbao iliyochubuka. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kwamba majibu ya maswali yasiyo na safu hayahesabiki, na wakubwa hutaka asilimia. Ni kweli. Anayetaka asilimia na azihesabu kompyuta ambazo programu zake zilikwenda na ambazo zilikataa, saa tisa alasiri, kabla hazijazimwa. Hesabu hiyo haina haja ya fomu.

Juu ya karakana na warsha, maafikiano hayajapatikana, na mjadala uko wazi kwa wasomaji. Wakufunzi walio na vikaratasi au maandishi ya aina hii, hasa yanayotaja maneno yaliyowashinda washiriki, twaomba watuletee nakala, bila majina, pamoja na orodha ya istilahi waliyoifundishia.